Kisahani cha Uduvi

Nyumbani kwa Macario wali ulikuwa wa wote na samaki alikuwa wa wote, lakini kisahani cha kuchovya kilikuwa cha mtu mwenyewe. Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo alivyomlea binti yake. Mpishi anakaanga samaki kwa namna moja, basi. Ladha anajitengenezea mlaji. Huyu anavuta siki yenye pilipili na kitunguu saumu, yule anakamulia ndimu ndogo kwenye mchuzi wa soya, mwingine anaponda nyanya na yai la chumvi kwa uma. Mgeni akifanya hivyo mpishi hanuni. Mpishi atanuna mgeni asipofanya, maana ataona mgeni huyo bado ana haya, hajajiona yuko nyumbani.

Macario ndiye aliyekuwa mpishi wa nyumba tangu mkewe aende kufanya kazi Taiwan. Kabla ya hapo alikuwa mchomeleaji wa vyuma kwenye karakana ya meli, mtu wa mikono minene na maneno machache. Wanaume wa mtaani walimcheka walipomkuta uani anakamua papai bichi la kutilia achari. Aliwaambia waje wale kwanza, wacheke wakishashiba. Walikuja, wakala, na kucheka kwenyewe wakakusahau.

Binti yake, Luningning, ambaye watu wote walimwita Ning, alikuwa na mimba ya miezi saba. Mumewe alikuwa kwenye meli ya mizigo, huko bahari za mbali. Ning alirudi kwa baba yake ajifungulie hapo, na tangu arudi alikuwa hali kitu ila embe bichi la kuchovya kwenye uduvi. Wali aliula kidogo, kama mtu anayelipa kiingilio. Kilichomkalisha mezani ni ule uduvi: uliotiwa chumvi ukawa rojo, ukakaangwa kwa kitunguu saumu, nyanya, sukari na mafuta ya nguruwe mpaka ukang'aa. Chupa ya nyumbani ilipokwisha, Ning alikaa na njaa, na Macario akakosa raha.

Kwa hiyo asubuhi ile dada yake Belen, aliyekaa nyumba ya pili, alipoingia jikoni na bakuli la uduvi mbichi, Macario hakuuliza mengi. Ulikuwa na rangi ya waridi, macho yake madogo meusi kama punje za pilipili manga. Belen alisema amepewa na mtu wa nyavu ambaye siku hizi hana wateja.

Hana wateja kwa sababu maji ya ghuba yalikuwa mekundu. Redio ilikuwa imetangaza, na karatasi ilikuwa imebandikwa sokoni. Watu wa pale hawakuhitaji kuisoma mpaka mwisho. Waliyazoea maji mekundu kama wanavyozoea tufani: yakija, kome na chaza hushika sumu, na ni marufuku mpaka serikali iseme tena. Macario alikuwa mkali kuliko hiyo redio. Siku mbili kabla, jirani alimletea ndoo ya kome, akaimwaga shimoni mbele ya macho ya jirani mwenyewe, na hawakuwa wamesemezana tangu hapo. Lakini uduvi hauna gamba la kufungua. Tena uduvi haukuwa chakula. Ulikuwa kitu cha kisahani.

Akaukaanga. Akaonja kwa ncha ya kijiko, akaongeza sukari, akaonja tena, akakilamba kijiko chote.

"Unaupikia harusi?" Belen akamuuliza. "Sukari yote hiyo ya nini, Karyo? Uduvi mtamu huliwa na watu wa mjini wasio na meno."

"Anayekula ni Ning, si wewe."

"Na mimi nitakula. Nitatia siki kwanza, niue huo utamu wako."

Akajichotea wake kwenye bakuli, akafunika na sahani, akaenda zake huku anasema mwanaume akishika mwiko nyumba hugeuka duka la peremende.

Meza ilipotandikwa ilikuwa na samaki wa mwatiko wa kukaanga, wali, biringani la kuchoma, achari, na mbele ya Ning peke yake sahani ya embe na kile kisahani. Akala kama mtu aliyefunguliwa kamba. Alikisafisha kisahani kwa kidole. Macario alikuwa bado anasugua vikaango. Mpishi wa nyumba ile alikula mwisho, siku nyingine akiwa amesimama, na siku hiyo hakuwa na haraka, maana kumwona binti yake anakula kulimtosha kwa muda.

Alikuwa anakausha mikono Ning aliposema midomo inamwasha.

"Pilipili hiyo," Macario akasema.

"Sikutia pilipili, Tay."

Alimwita Tay, yaani baba, kwa sauti ya kawaida, akicheka kidogo, akijigusa midomo kama mtu aliyetoka kwa daktari wa meno. Macario akampa maji. Aliyanywa nusu. Baadaye kidogo alilalamika kwamba vidole navyo vimeanza, halafu kichwa. Alipoinua tena gilasi, ilimponyoka ikavunjika sakafuni. Wote wawili wakaitazama. Ning akautazama mkono wake, akaukunja na kuukunjua, na Macario akauona uso wa mwanawe ukibadilika.

Belen aliitwa akaja mbio. Alipoambiwa kwamba asubuhi Ning alikuwa anapiga pasi, akapata jibu hapo hapo: amenawa maji baridi mikono ikiwa bado ya moto, mishipa imeshtuka, asuguliwe mafuta alale. Macario mwenyewe aliyaamini mambo hayo. Alikwenda hata kuchukua chupa ya mafuta. Lakini alipoushika mkono wa Ning akamwambia abane kidole chake kwa nguvu, Ning akabana, na nguvu yenyewe ilikuwa ya mtoto anayenyonya. Macario akaiweka chupa chini. Akatoka barabarani kusimamisha pikipiki yenye kigari cha abiria ubavuni.

Zahanati haikuwa mbali, ila siku hiyo kila tuta lilikuwa mlima. Ning alimwegemea. Aliuliza mtoto ana nini, kwa nini hachezi. Macario akamwambia amelala. Hakujua kama amelala. Akaweka mkono juu ya lile tumbo akangoja, na kigari kilivyokuwa kinatikisika asingeweza kutambua kitu.

Nesi wa zamu aliitwa Villaflor, mwanamke mfupi mwenye nywele zilizobanwa kwa kalamu. Alimlaza Ning, akampima shinikizo la damu, akapima tena mkono wa pili, na mara ya pili hakusema namba kwa sauti. Aliposikia habari ya midomo, swali lake la kwanza likawa lile lile ambalo angeliuliza nesi yeyote wa ghuba ile.

"Kome, Tay? Chaza? Konokono wa bahari?"

Macario aliona amevunjiwa heshima. Alimweleza habari ya ndoo na shimo. Alimweleza kwamba nyumbani kwake gamba halijaingia tangu tangazo, na amwulize jirani yake, bado amenuna.

"Sawa. Leo amekula nini?"

"Wali na mwatiko. Mwatiko wa bwawani, si wa baharini."

"Na nini kingine?"

"Biringani. Embe bichi."

"Basi?"

"Basi."

Hakudanganya. Mtu yeyote wa mji ule angejibu vivyo hivyo. Ukiulizwa umekula nini unataja wali na kilichoulalia wali. Hakuna anayesema amekula siki. Nesi Villaflor naye alizaliwa pale pale, akalipokea jibu kama lilivyo. Ning pale kitandani alifumbua kinywa kama anataka kuongeza kitu, lakini ulimi ulikuwa mzito, likatoka neno lisiloeleweka, na nesi akamwambia apumzike, asijichoshe.

Nesi akampigia daktari, ambaye siku hiyo alikuwa vijijini. Macario alisikia upande mmoja tu wa mazungumzo. Alisikia mimba ya miezi saba, alisikia shinikizo, alisikia kichwa kinauma, mikono inakosa nguvu. Kisha alisikia maneno ambayo watu wa kila nyumba yenye mwanamke mjamzito huyaogopa: kifafa cha mimba. Nesi akaitikia ndiyo, ndiyo, akakata simu. Akasema atamchoma sindano ya kuzuia kifafa, kisha gari liwapeleke hospitali. Akafungua kabati.

Macario alisimama miguuni pa kitanda akaushika unyayo wa Ning. Ulikuwa baridi. Alimtazama nesi akivunja shingo ya kichupa cha dawa, akivuta dawa taratibu ndani ya bomba. Ilikuwa dawa nyingi. Wakati huo ndipo alipotambua kwamba midomo yake mwenyewe haipo.

Ilikuwepo, aliigusa. Lakini kuigusa kulikuwa kama kugusa midomo ya mtu mwingine. Akajiambia ni hofu. Hofu alikuwa anaijua. Pale karakana siku moja boriti ya chuma ilikatika juu ya kichwa chake ikapita ikimpepea sikio, na kinywa kilimkauka mpaka jioni. Hofu hukausha kinywa. Haitii siafu kwenye ulimi. Na sasa siafu walikuwa wanatembea kwenye ulimi wake, toka ncha kwenda nyuma, wengi. Akaung'ata mdomo wa chini kwa nguvu. Hakuhisi maumivu. Alihisi chumvi ya damu.

Basi akaanza kufikiri, polepole, kama mtu anayetembea gizani akipapasa ukuta. Yeye na Ning wameugua ugonjwa mmoja. Yeye hana mimba. Hakugusa mwatiko, hakugusa wali, biringani wala embe. Asubuhi alikunywa kahawa, na Ning hanywi kahawa. Tangu hapo hakuna kilichopita kinywani mwake, kwa sababu mpishi hula mwisho na leo mpishi hakula. Ila alilamba kijiko.

Nesi alikuwa ameshageuza paja la Ning na kulipangusa kwa pamba.

"Nesi, ngoja."

"Tay, simama pembeni kidogo."

"Ngoja. Amekula uduvi."

Mkono wa nesi ukasimama hewani, sindano ikiwa karibu na ngozi.

"Uduvi wa wapi?"

Hapo Macario alisita. Alimwona dada yake akiitwa na polisi. Alimwona yule mtu wa nyavu, ambaye ana watoto. Yote hayo yalipita upesi, halafu akauona tena unyayo aliokuwa ameushika.

"Wa hapa. Wa ghuba, wa leo asubuhi. Mimi nimeonja tu, na mdomo wangu umekufa ganzi."

Nesi akairudisha sindano kwenye trei, mbali, kama mtu anayeondoa kisu mbele ya mtoto. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Nimekuuliza mara ngapi amekula nini?"

"Uliniuliza chakula, Nesi. Ule ni wa kuchovya."

Nesi akamtazama. Huenda naye mezani kwake kulikuwa na kisahani. Halafu akamwambia, kwa sauti ya chini ili Ning asisikie, kwamba sumu ya maji mekundu hukaa ndani ya uduvi kama inavyokaa ndani ya kome, kwamba moto hauiui, na kwamba kazi yake ni kulegeza msuli mmoja mmoja mpaka ifikie ile misuli ya kuvutia pumzi. Na hii dawa ya kifafa nayo hulegeza misuli. "Ningemchoma," akasema, "angeacha kupumua hapa hapa kitandani kwangu, na mimi ningeandika kifafa."

Wakati gari la wagonjwa linageuzwa, Macario alimpigia Belen. Ulimi ulikuwa umemjaa kinywani.

"Umelewa, Karyo? Mchana huu? Mtoto yuko hospitali nawe umekwenda kunywa?"

"Ule uduvi. Umekula?"

Belen akasema bado, ameuweka wa jioni, alikuwa anatafuta siki. Macario akamwambia aumwage shimoni, aufukie, asiwape kuku wala mbwa, kisha akimbie kwa mtu wa nyavu amuulize nani mwingine alipewa, apite kila nyumba. Macario alisikia pumzi ya Belen kwenye simu.

"Mimi ndiye niliyeuleta," Belen akasema.

"Mimi ndiye niliyeukaanga. Nenda."

Ndani ya gari nesi Villaflor alikaa kichwani pa Ning, akiwa na mfuko wa mpira wa kupulizia pumzi uliofungwa kwenye kibakuli cha kufunika pua na mdomo. Aliuweka mapajani tu, bila kuutumia, na Macario aliuchukia mfuko ule kuliko kitu chochote alichowahi kukiona. Walipotoka mjini Ning alikuwa bado anapumua mwenyewe, pumzi fupi fupi za juu juu. Mikono ilikuwa imelala ubavuni kama vitu alivyosahau mtu. Alijaribu kusema. Macario akainama. Neno halikutoka. Machozi tu yalitoka, yakateremka kuelekea masikioni, na hakuweza kuyafuta.

Walipofika kwenye mashamba ya mpunga kifua cha Ning kikaacha kupanda.

Nesi akamfunika uso kwa kile kibakuli akaanza kubana mfuko. Kifua kikapanda. Akaachia, kikashuka. Akabana tena. Hakumtazama Macario alipomwambia, "Ongea naye. Hajazimia. Anasikia kila kitu, sumu hii haigusi akili."

Macario alidhani hajasikia vizuri. Akayaangalia macho ya mwanawe. Yalikuwa wazi, yamemkazia yeye. Yumo humo ndani, akafikiri, mzima, amefungiwa, na mlango hauna mpini.

"Ning. Kama unanisikia, pepesa macho."

Akapepesa.

Mtu wa maneno machache akalazimika kuyatafuta maneno. Alimwambia hospitali iko karibu. Haikuwa karibu. Alimwambia mtoto anacheza, na akaweka mkono wake wenye ganzi juu ya tumbo akasema amemsikia, amepiga teke kama baba yake alivyokuwa anapiga mpira, ovyo. Alimwambia mama yake ameshapigiwa simu, ingawa hakuwa amepigiwa. Alimwambia akipona atamgombeza kwa kuvunja gilasi. Kila baada ya maneno kidogo alimwambia apepese, naye alipepesa, kila mara polepole zaidi, mpaka mara moja kope zikashuka na hazikupanda.

"Ning, pepesa. Ning."

"Kope nazo ni misuli, Tay," nesi akasema. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni, na mikono yake haikuacha kubana. "Endelea kuongea. Usinyamaze hata kidogo. Akinyamaziwa atajua tunaogopa."

Macario akaendelea. Hakuwa na uhakika tena anaongea na nani. Ulimi wake ulikuwa wa mbao, maneno yalitoka yamevunjika, lakini aliendelea, na alipoishiwa na la kusema alianza kumweleza jinsi ya kupika achari: papai unalimenya, unalikuna, unalitia chumvi, unalikamua mpaka mikono iume, usilegeze. Alilikamua papai lile njia nzima.

Hospitali ya mkoa ilikuwa na mashine. Walimwingiza Ning mrija kooni, mashine ikaanza kumpumulia, kwa mlio mmoja, mkavu, usio na haraka. Daktari, kijana mwenye macho mekundu, alisema dawa ya sumu hiyo haipo. Mwili wenyewe utaitoa taratibu, na kazi ya mashine ni kumshikia pumzi mpaka mwenyewe aje aichukue. Macario akauliza asipokuja. Daktari akasema asubuhi wataona. Walipaka mafuta kwenye tumbo, wakaweka kidude, na moyo wa mtoto ukasikika, wa haraka, kama farasi mdogo anayekimbia mbali. Hakuna aliyetabasamu. Daktari alisema huyo naye anapumua kwa pumzi ya mama yake.

Macario naye alipewa kitanda, akakataa kulala. Ganzi yake ilimfika viganjani, ikakaa hapo, ikaanza kupungua. Alikaa kwenye kiti akiutazama mrija. Aliiogopa mashine, na aliogopa zaidi umeme ukikatika. Kila taa ya dari ilipotetema alisimama. Belen alituma habari kwamba nyumba zote zimepitiwa, kwamba mzee mmoja amelazwa lakini anaongea, na kwamba yeye amekaa mlangoni kwa Macario na hataingia ndani.

Kulipopambazuka daktari alirudi. Alimminya Ning kucha, akamtaka akunje kidole. Kidole kikatikisika, au Macario alidhani kimetikisika. Daktari akasema wataizima mashine kidogo, waone. Macario akataka kumwambia asubiri, asubiri mpaka mchana, mpaka kesho, kuna haraka gani. Akaushika unyayo wa Ning. Nesi wa wodini akakishika kile kimfuko cha mpira akawa tayari.

Mlio ukakatika.

Chumba kizima kikasikika: feni, maji yanayodondoka kwenye sinki, mtu anayekohoa nyuma ya pazia. Kifua cha Ning kilikuwa kimeshuka. Kikakaa hivyo. Macario alikitazama kama alivyoitazama ile boriti ya chuma siku ile, bila kuweza kujisogeza. Kilikuwa bado kimeshuka. Nesi akaanza kuinua mkono wenye mfuko, na daktari akamzuia kwa kiganja, bado, bado.

Kisha shingo ya Ning ikajivuta kidogo, chini kabisa, pale kooni, na shuka juu ya kifua chake ikainuka. Haikuinuka sana. Ikateremka. Watu wote watatu wakangoja pumzi inayofuata.